Jina la Mwenye Maji

Leso ya njano ilitupwa juu ya meza ya chekechea, bado inachuruzika maji ya Tana. Wazee wa gasa, lile baraza la Wapokomo, waliobanana kwenye viti vya watoto, wakaikodolea macho. Kila mtu aliijua. Kuanzia kijijini pale hadi Garsen hakukuwa na mwingine mwenye leso ya rangi ile.

"Ni yako?" Mzee Nehemiah akauliza.

"Ni yangu," Lavender akajibu.

"Vijana wameiopoa leo kwenye matete, pale pale mumeo alipochukuliwa juzi alfajiri. Basi ulikuwepo."

"Sikuwepo, mzee. Mimba ilinisumbua usiku kucha, nikashindwa kuamka. Jasper akachukua ndoo, akaenda badala yangu. Kulikuwa na baridi, akajitanda leso yangu."

Watu wakaguna. Mwanamume mzima wa Kipokomo ateke maji, tena kajitanda leso? Lo! Uongo mwingine hata haya hauna.

Mama yake Jasper, Bi Lydia, alikaa kando akiwa amejifunika shuka. Sauti ilikuwa imemkauka tangu juzi, na kila aliyempa pole aliambulia mnong'ono. Jasper alikuwa mwanawe wa pekee. Alimlea bila baba, akamsomesha kwa ndizi na mpunga. Halafu akaja huyu msichana kutoka Magharibi, akamtia maneno ya kuhamia kwao Busia baada ya mavuno. Lydia hakumpenda, wala hakuficha. "Amekuja kuninyang'anya mkongojo wangu wa uzeeni," aliwaambia majirani, na majirani walimwelewa.

Shtaka lenyewe lilikuwa zito. Kijijini pale, mtu akishakanyaga ukingo wa mto, hamtaji kwa jina yule mnyama wa magamba na meno anayejilaza mchangani kama gogo. Humwita Mwenye Maji. Ukimtaja kwa jina lake umemwita, na akiitwa haji bure. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kusali.

Na kuna mtu aliyemwita. Duba, mchungaji wa Kiorma aliyekuwa akinywesha mifugo ng'ambo, alisimama kueleza.

"Ukungu mingi. Mimi haoni mtu. Lakini nasikia sauti ya mwanamke, anaita lile jina. Anaita kwa nguvu mpaka ng'ombe yangu inakimbia. Halafu nasikia maji."

"Mwanamke gani wa hapa atathubutu?" Mzee Nehemiah akauliza, akizungusha macho barazani. "Wetu wote wamefunzwa. Huyo ni mgeni tu."

George, binamu yake Jasper anayefundisha Kiingereza huko Garsen, akainuka.

"Wazee wangu, mnamwonea huyu dada. Waingereza wana neno lao la dubu, bear. Wanaochunguza maneno wanasema mwanzo wake ni 'yule wa kahawia' tu. Wahenga wao waliogopa kutaja jina lake la kweli, asije akasikia akatokea. Wakalificha mpaka likawapotea kabisa. Na dubu akaendelea kuwala vilevile! Jina haliiti mnyama, wazee. Kinachomleta ni njaa."

"Na huko Uingereza," Mzee Nehemiah akauliza taratibu, "dubu wa msituni wako wapi siku hizi?"

George akajibu, "Waliisha zamani."

"Ahaa! Si unaona? Walinyamaza, wakaokoka. Keti, mwalimu."

Banda likacheka, kicheko kikavu cha matangani. George akaketi.

Neno la mwisho likabaki kwa mama wa marehemu, kwani ndivyo wanavyofanya pale. Akisema mkaza mwana abaki, atabaki, ajifungulie hapo na kulima shamba la mumewe. Akisema aende, ataondoka leo hii, na mtoto akizaliwa ataletwa kwa ukoo wa baba yake.

Lavender akapiga magoti mbele yake. "Mama, tumegombana, sikatai. Lakini jina lile sikulitaja. Nifukuze ukitaka, ila niambie kwamba unaniamini."

Lydia alilitazama tumbo lake, kisha akaitazama leso pale mezani.

"Aende," akanong'ona.

Jua halijazama, Lavender alikuwa na begi lake kichwani, George mbele akimpeleka stendi. Walipofika mlangoni pa Lydia, Lavender alisimama. Hakulia. Alikuwa amechoka kulia.

"Jasper alisema ndoo ya kwanza ni yako, mama," akasema. "Alijua mgongo unakuuma."

Akaenda zake.

Lydia akabaki peke yake na ile leso mapajani. Wazee walimwachia, eti ni kumbukumbu. Akaikamua, maji ya mto yakamtiririkia miguuni. Angeitambua popote leso ile, hata kwenye ukungu. Juzi alfajiri, akiwa amejibanza nyuma ya migomba, aliiona ikishuka ukingoni: njano tupu, imefunika kichwa na mabega, na aliyejitanda ameinama na ndoo, kampa mgongo. Hakungoja hata ageuke. Alijaza pumzi kifuani, akapaza sauti yake yote:

"Mamba! Njoo, mamba!"