Paneli ya Mlango wa Nyuma

Fundi cherehani alikuwa keshabandua nusu ya paneli ya mlango wa nyuma wa gari lao pale mumewe alipotoka ndani mbiombio, povu la kunyolea bado liko kidevuni.

"Acha, mke wangu, hiyo nitaitoa mwenyewe. Wewe shona tu hiyo ngozi mpya."

Hapo ndipo alipoanza kushuku. Mwanamume asiyejua kubadilisha hata balbu, leo anagombania bisibisi. Na kwa nini alitaka ngozi mpya kwenye mlango mmoja tu? Kitambaa cha kijivu alikishona yeye mwaka jana, milango yote minne, wala hakijachanika.

"Kimepauka," mume alisema, ingawa hakuulizwa.

Mke alivuta. Vibano vilifyatuka kimoja kimoja, paneli ikamwangukia mapajani, akaigeuzia juani.

Kitambaa hakikupauka. Kilisuguliwa kwa brashi mpaka nyuzi zikasimama. Lakini pale chini, kwenye mshono, brashi haikufika. Palikuwa na alama za soli, moja juu ya nyingine, za mtu anayekanyaga mlango kila anapopanda kwa kuwa miguu yake bado mifupi.

Miaka sita ya ndoa, na nyumbani kwao hakijaingia kiatu kidogo namna ile.

Alivua futi shingoni, akaipima alama iliyo wazi zaidi, taratibu, kama anavyompima mteja.

"Itakuwa ni fundi wa magari aliyepakanyaga," mume alisema.

"Inchi sita," mkewe alijibu. "Mtoto anaitwa nani?"