Muratina ya Mzee Mureithi

Wiki tatu za kwanza Naftaly aliimba besi katika kwaya ya watu asiowajua, kwa sababu aliona haya kuuliza.

Tangazo lilisema wanaotaka kuacha pombe hukutana Jumamosi saa tisa, chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja huko mtaa wa Fedha. Fedha palimfaa. Kwao Kariobangi, alikochomelea mageti, hata mbwa walijua Krismasi iliyopita alilala mtaro gani. Basi akaingia chumba cha nyuma, akapewa kitabu cha nyimbo, akafungua kinywa.

Wiki ya nne mwalimu wa kwaya, Nthambi, alimvuta kando.

"Ndugu, unaowatafuta wako mlango wa pili. Kila mwaka hatukosi mmoja wa kupotea hivi. Lakini besi yako tutaikosa, nakwambia ukweli."

Nyuma ya mlango wa pili kulikuwa na viti vya plastiki, chai ya tangawizi, na Willis, mstaafu wa reli mwenye sauti ya king'ora. Utaratibu ulikuwa mwepesi: unasimama, unataja jina lako na siku zako, unaketi. Naftaly akasimama. "Naftaly. Siku moja." Watu kumi na wanne wakampigia makofi kana kwamba amefunga goli. Alilia mbele yao wote, na safari hii hakuona haya.

Halafu akampenda Shiro, na mambo yakaanza kuwa magumu.

Shiro hakuwahi kumwona akiwa mlevi. Alipomuuliza huwa anaenda wapi kila Jumamosi, alijibu, "Kwaya," na kwa kuwa aliweza kumwimbia nyimbo saba mfululizo, akaaminika. Mwaka ukapita hivyo. Walipokubaliana kuoana, ndipo Naftaly alipokumbuka kazi ya baba mkwe.

Mzee Mureithi alikuwa mpishi wa muratina, ile pombe ya asali inayonywewa kwenye ruracio, siku ya kupeleka mahari. Kuanzia Kariobangi hadi Pumwani, hakuna aliyehesabu ruracio yake kuwa imekamilika bila mtungi wa Mzee. Wazee waliisifu hadi wakachosha. Walisema miaka ya karibuni imezidi kuwa tamu. Walisema unaweza kumaliza pembe nne za kunywea na kesho yake kichwa kisiume hata kidogo, na kwamba huo ndio ustadi. Siri ya mapishi hakuijua mtu, hata mkewe. Akipika, alijifungia kwa kufuli.

"Ukikataa pembe ya Baba, umekataa nyumba yetu," Shiro alimwambia akicheka. "Kuna jamaa alikuja kumposa dada yangu, akasingizia ati ana vidonda vya tumbo. Wajomba walimrudisha kwao na mbuzi zake."

Naftaly alicheka pia, kicheko kikavu.

Jumamosi ya mwisho kabla ya ruracio alimweleza Willis yote. Mzee huyo wa reli alikoroga chai yake muda mrefu.

"Omera, ndugu yangu, ukisema ukweli labda utampoteza huyo msichana. Ukinywa utampoteza tu, ila polepole."

Siku yenyewe ikafika, na hema likajaa pomoni uani kwa Mzee Mureithi. Kwa desturi upande wa kijana ndio huleta pombe, lakini Mzee hakuamini pombe iliyopikwa na mtu mwingine, wala hakumruhusu yeyote kushika mtungi. Kufikia saa nane wajomba walikuwa wameshaanza kuyumba. Mmoja wao, Kim, alikumbatia nguzo ya hema na kuiita shemeji.

Kisha Mzee akajaza pembe kubwa, akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akaja kusimama mbele ya Naftaly. Watu wakageuka kutazama. Hata Kim aliiachia nguzo. Shiro alikuwa amekaa na shangazi zake upande wa pili, macho yakimng'aa kwa furaha, na Naftaly akatamani ardhi impasukie.

Akaipokea pembe. Harufu ya asali na ndimu ikampanda puani, mate yakamjaa. Aliitaka. Kwa dakika ile aliitaka kuliko alivyomtaka Shiro, na jambo hilo lilimtisha kuliko wajomba wote.

Akamsogelea Mzee hadi sikioni, ili angalau aibu iwe ya watu wawili kwanza.

"Baba, nisamehe. Siwezi. Nina siku mia nne na kumi na mbili."

Mzee Mureithi aliwatazama wajomba. Akamtazama binti yake. Kisha akainama taratibu, kama mzee anayetoa baraka, hadi ukingo wa kofia yake ukagusa paji la uso la Naftaly.

"Mimi elfu moja mia tisa na tatu," alinong'ona. "Kunywa tu, mwanangu, halafu uyumbe kidogo kama wale."