Jina la Kasulu

Mtandao uliporudi mchana, kompyuta za kliniki mbili, ya Kibondo na ya Kasulu, zilianza kulinganisha taarifa zao. Tangu hapo Asnath, karani wa Kibondo, macho mazito, alikuwa akifuta jina la ziada la kila mtoto aliyeandikwa mara mbili.

Kompyuta ikasimama tena. Kibondo: Bukuru. Kasulu: Butoyi. Mama mmoja, tarehe moja ya kuzaliwa. Je, ni mtu mmoja?

Asnath akapiga mwayo. Mashine itajuaje kwamba kwa Waha hayo ni majina ya mapacha? Lakini uzito nao ulikuwa uleule, kila mwezi.

Mama mwenyewe alikuwa pale kwenye benchi, amempakata mwanawe aliyekuwa akitafuna kamba ya kofia.

“Bukuru,” Asnath aliita. Mtoto akageuka.

Asnath akajaribu jina la pili. “Butoyi.”

Mtoto akageuka tena, akacheka.

Mama akainamisha kichwa. “Mwenzake tulimzika angali mchanga, dada. Huyu nampeleka Kasulu pia, kwa kadi ya marehemu, nisikie tu nesi akimwita.”

Kidole cha Asnath kilikuwa bado juu ya kitufe cha kufuta.

“Ukibonyeza hapo,” mama akauliza, “Kasulu hawatamwita tena?”