Mita Inayozidi

Mita ya kilometa ilikuwa imezidi tena. Tore aliinama kwenye dirisha la gari, akazisoma zile namba mara mbili, akakuna kichwa. Jana jioni yeye na mkewe walizunguka ziwa mara moja tu, wakarudi. Mita ilidai wamekwenda zaidi ya mara mbili ya hapo.

"Lazima nimekosea gia ya mita," alijiambia. Ndivyo alivyo fundi: akikuta jambo halieleweki, hulitafuta kwenye chuma kwanza.

Gari lenyewe lilikuwa Volvo Amazon ya buluu, mali ya marehemu baba wa mkewe, Inga-Lill. Injini yake ilikufa zamani, gari likabaki ghalani kuku wakililalia, na miaka yote hiyo Tore alikuwa akiahidi kuifufua. Aliifufua mwaka huu, baada ya mkewe kumwambia kwamba anaondoka, na gari la baba yake hamwachii mtu.

Hawakugombana. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Hujanikosea kitu," Inga-Lill alimwambia huku akimmiminia kahawa. "Nimechoka tu kuwa na mume ninayemjua kwa miguu. Mwili wote uko chini ya magari ya watu."

Basi Tore akaifungua injini yote, akatia pistoni mpya na ringi mpya, akaifunga. Siku ilipowaka, Inga-Lill alitaka kushika barabara kuu papo hapo hadi kwa dada yake mjini Malmö, safari ya kutwa nzima.

"Utaiua," Tore alisema. "Injini mpya huipeleki mwendo mmoja toka asubuhi hadi jioni. Kilometa elfu za kwanza unaizoeza kwenye hizi njia zetu ndogo, kupanda na kushuka, leo taratibu, kesho unaongeza kidogo. Ikifika elfu namwaga oili, nakaza boliti za hedi juu ya injini, halafu nenda utakako."

Hakumdanganya. Fundi yeyote angesema hivyo hivyo. Ila moyoni aliishukuru sheria hiyo kuliko sheria zote za nchi, maana ilimpa kilometa elfu za kukaa karibu na mkewe.

"Haya. Elfu," Inga-Lill alisema. "Ikifika elfu, bwana fundi, usinitafutie sababu nyingine."

Kila asubuhi gari la kiwanda cha mbao lilimpitia Tore kumpeleka kazini. Kila jioni alirudi mbio, akaoga bila kuambiwa, wakatoka. Alichagua safari fupi fupi. Injini isichoshwe, alisema.

Humo garini Tore alijifunza kuongea, uzeeni. Alimsimulia mambo ya utoto wake ambayo hakuwahi kumwambia. Siku moja alimwigiza msimamizi wa kiwanda anavyopiga chafya, Inga-Lill akacheka hadi akafuta machozi. Jioni nyingine walisimama kando ya ziwa wakala maandazi ya iliki, naye Inga-Lill akanyoosha mkono akampangusa makombo kwenye ndevu. Miaka mingapi hakumgusa uso? Tore alirudi nyumbani moyo ukimdunda kama kijana anayechumbia.

Ila mita iliendelea kuzidi. Petroli nayo iliisha upesi mno. Akailaumu kabureta, akaifungua, akaisafisha, akairudisha. Jumamosi alijilaza chini ya gari akabadilisha kile kigia kidogo kinachozungusha waya wa mita. Alipotoka huko, mweusi kwa grisi, alikuwa na habari njema.

"Nimegundua kosa!" alimwambia mkewe jikoni. "Mita inadanganya. Inasema mia tisa, na safari zetu ukizijumlisha hazifiki hata mia tano."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado tuko nusu ya njia, bibie. Hesabu tunaanza pale tulipo kweli."

Inga-Lill aliweka kikombe chini. Macho yalijaa machozi. Akageuka akasimama dirishani, akampa mgongo.

Tore hakumsogelea, grisi ilimjaa mikononi. Lakini furaha ilimpanda hadi kooni. Mtu anayetaka kuondoka halii akiambiwa bado kidogo, aliwaza. Amelainika. Akipewa kilometa hizo mia tano, hata hilo jina la Malmö litamtoka kichwani. Akarudi ghalani akipiga mluzi, akachukua kitambaa akaanza kung'arisha vioo.

Hapo ndipo alipotokea Sigvard, jirani yao, dereva wa lori la maziwa, amekuja kuazima jeki. Alilizunguka gari akitikisa kichwa.

"Hongera, jirani."

"Ya injini?"

"Injini! Ya mke, bwana. Wangu mimi ukimpa gari kama hili, jioni linarudi halina taa."

"Kwani wangu kafanya nini?" Tore alicheka, kitambaa mkononi.

"We hujui? Gari la kiwanda likishakuchukua tu, mimi naye tunapishana kule mlimani. Anapanda, anageuza, anashuka, anapanda tena. Kila asubuhi, hata ile siku ya mvua ya mawe. Na hakimbizi, anakwenda kwa adabu zote." Sigvard aliinua jeki, akaipima uzito. "Juzi nikasimamisha lori nikamwuliza, dada, unakwenda wapi kila siku? Akaniambia, 'Siendi popote, Sigvard. Bado.'"