Kibodi Iliyotambua Vidole

Sheria mpya ilitaka kila mstari wa programu ubebe jina la aliyeuandika, na kibodi za kisasa zilitambua vidole vya kila mtu na kumtaja kwa jina. Ofisi ilimpa Mwakalebela kibodi moja ndogo aijaribu nyumbani kwa wiki, kisha aseme kama inafaa kununuliwa. Aliipenda. Vitufe vilibonyea vizuri, na ingawa vya mishale havikuwemo, mkono ulizoea upesi.

Ijumaa kibodi ikatoa taarifa: kati ya mistari mia tisa, mia saba iliandikwa na Tusekile, mkewe. Kila jioni Tusekile alirekebisha kazi za mumewe, lakini ofisini mume ndiye aliyepongezwa peke yake.

Mwakalebela akaandika, “Haifai. Inachanganya vidole,” akatuma.

Tusekile, aliyekuwa akimletea chai, akayasoma maneno hayo kwenye skrini. “Imechanganya wapi, Baba Lusajo?”

Uso ukamshuka kwa aibu. “Ni maneno ya ofisi tu.”

“Haya,” mkewe akasema, akaondoka.

Ofisi iliirudisha kibodi dukani. Jumatatu jioni Mwakalebela alikwama kwenye kazi mpya. Akamwita mkewe kwa sauti ndogo. Katika chumba cha pili, redio ikaongezwa sauti.