Mama Jumlisha Mtoto

"Hamsini na mbili," nesi alisoma, akaguna. "Hiyo ni jumla yenu, mama. Hainisaidii."

Mama alikuwa juu ya mizani ya watu wazima, amemkumbatia mtoto kifuani, kamfunika shali nyepesi hadi utosini. Mizani ya watoto ilikuwa mbovu. Dawa ya homa ilikuwa tayari, ila kipimo chake hufuata kilo za mtoto: ikipungua haitibu, ikizidi inaua.

"Kadiria tu, sista. Anaungua."

"Mtoto hakadiriwi kwa macho kama fungu la nyanya. Hebu nimshike paji."

"Ndiyo kwanza kalala. Usimwamshe."

Nesi akamgeukia wifi wa mama huyo, aliyesimama mlangoni akiviringisha ncha ya mtandio. "Wewe wifi, mama huyu peke yake ana kilo ngapi?"

"Alikuwa na sitini. Siku hizi hali chakula, sijui amebaki na ngapi."

Hapo nesi akakwama. Alimkumbuka mwalimu wake wa hesabu: herufi mbili, mlinganyo mmoja, hata ukeshe hupati jibu. Tafuta mlinganyo wa pili au weka kalamu chini.

"Basi mpe wifi yako mtoto, nikupime peke yako. Nikitoa, nitapata kilo zake."

"Simpi mtu." Mama alikaza mikono. "Na kule kwingine walitaka nimtoe."

"Kwingine wapi?"

Wifi alijibu akitazama ukuta. "Hii zahanati ya tatu, sista. Nimesema weee, nimechoka. Maji yamenifika shingoni. Labda wewe atakusikia."

Nesi akalainisha sauti. "Mama yangu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini nisipojua uzito wako, siwezi kumpa hata tone. Wifi yako si mtu baki."

Mama akaibusu shali. "Usiogope, mwanangu. Nipo hapahapa," akanong'ona, akamnyooshea wifi mikono bila kushuka kwenye mizani.

Wifi alipokea taratibu, kama anayepokea yai. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Haya, simama wima," nesi alisema. Akainamia mizani, akingoja mshale ushuke.

Mshale ulibaki palepale, kwenye hamsini na mbili.