Barabara ya Mbele ya Shule

Daktari Margarethe alitandaza kitambaa juu ya meza ya halmashauri. Alikuwa amekitundika kikiwa cheupe kwenye dirisha la shule, na sasa kilikuwa cheusi kama kimepanguza sufuria.

"Huu ndio moshi wa magari wanaouvuta watoto wetu," alisema. "Wenye pumu wanazidi kuletwa kwangu. Ifungeni barabara ya mbele ya shule saa za masomo."

Meya Anselm alikigusa kitambaa kwa ncha ya kidole, akajifuta kwa leso.

"Tunakushukuru sana, Daktari. Mji huu unaongozwa na sayansi."

"Kwa hiyo mtaifunga?"

"Tutaunda kamati. Wenye maduka nao wana hoja zao."

"Kamati iliyopita nilikuwamo, Mheshimiwa. Tuliyasema haya haya."

Wajumbe wakampigia makofi ya heshima, yale ya kumwambia mtu aende zake, kisha wakaanza kujadili taa za sikukuu.

Margarethe alitoka kwa hasira. Aliendesha gari hadi karibu na shule, ambako msururu ulikuwa ukisogea polepole na kutoa moshi. Kabla ya kufika getini akalikingamisha gari lake katikati ya barabara, akazima injini, akashuka.

Honi zikalipuka nyuma yake.

"Mama, una wazimu?" dereva mmoja alifoka. "Ondoa gari!"

Alisimama, funguo kaziminya mkononi. Magari ya mbele yakaondoka, barabara ikabaki tupu, na watoto waliotoka getini wakaanza kushuka humo kwa woga, wakitazama huku na huku.